Umeme Uliovujia kwa Zebedayo

Jumanne ya pili ya Desemba, saa mbili na robo asubuhi, Asheri alikuwa anaongeza maji kwenye betri ya bajaji pale kibandani kwake Mbugani. Patrick akafika na pikipiki iliyojaa tope hadi kwenye taa. Patrick alikuwa dereva wa trekta la Wilson wa Ipinda. Hakuzima hata injini.

"Shikamoo, fundi. Bosi anakuita. Trekta haliwaki tangu juzi. Ukizungusha ufunguo, kimya kabisa."

"Kwani mafundi wa Ipinda wameisha?"

"Wamekuja watatu. Wote wanasema aitwe aliyelifunga waya."

Maji ya betri yalimwagikia kiatu cha Asheri, naye akayaacha yaingie. Huyu mtu hakuwa mwoga wa umeme. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshika kila aina ya waya unaopatikana kati ya Kyela na Matema, na umeme ulikuwa umemrusha mara mbili tu. Alichokiogopa ni trekta lile moja. Alikuwa amelikwepa kwa miezi kumi na tatu kwa ustadi ambao mkewe aliuita bahati mbaya: kila alipoitwa Ipinda, mgongo ulimuuma. Safari hii hakupata ugonjwa wa haraka. Akabeba begi lake na kupanda nyuma ya Patrick.

Ndani ya begi kulikuwa na mita, brashi ya chuma, koleo, na tepu nyekundu. Mafundi wengine wote hutumia tepu nyeusi. Asheri alichagua nyekundu tangu ujana, ili mtu akifungua boneti ajue ni kazi ya nani. Juu ya vyote kulikuwa na taa yake ya kupimia, balbu ya indiketa ya lori yenye waya mbili, mmoja ukiishia kwenye kibanio, mwingine kwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa. Taa ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, haupo. Ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Uwanjani kwa Wilson walikuwepo watu kama thelathini na miavuli yao. Mvua ilikuwa imeshanyesha vya kutosha, majaruba yamejaa maji, na asiyelimiwa kabla ya Krismasi angechelewa kupandikiza mpunga. Wilson alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Fundi wangu! Mgongo umepona?"

"Umepona," alisema Asheri, bila kumtazama.

Akaanza kazi kwa utaratibu wake. Betri ilikuwa na volti kumi na mbili na nukta sita, betri nzuri tu. Vichwa vyake vilikuwa na ukungu mweupe, akavimwagia maji ya moto, akavisugua mpaka vikang'aa. Fyuzi nzima. Swichi ya ufunguo nzima. Akafungua stata, mota ya kuwashia injini, akaiweka chini, akaigusisha moja kwa moja kwenye betri. Ikazunguka kwa nguvu hata kuku wakakimbia. Akairudisha mahali pake, Patrick akazungusha ufunguo, na stata haikutikisika.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, naye alikuwa amekiacha cha mwisho kwa makusudi.

Trekta la aina ile lina kiswichi kidogo chini ya pedali ya klachi. Dereva asipokanyaga klachi, umeme haufiki kwenye stata. Kiliwekwa ili trekta lisije likawaka likiwa kwenye gia na kumrukia mtu. Lakini waliokiweka hawakuwahi kulima mpunga Kyela. Tope la majaruba hukijaza kila wiki, na trekta hugoma katikati ya maji. Kwa hiyo mafundi wa huku hukata zile waya mbili za kiswichi, huziunga pamoja, huzizungushia tepu, na mambo yanakwisha. Wanaita kuweka dairekti. Asheri alikuwa amemwekea Wilson dairekti kama alivyowawekea wengine kumi na mmoja, na wote walimshukuru.

Novemba ya mwaka jana, saa kumi na mbili asubuhi, aliyekuwa dereva wa Wilson, Zebedayo, alikuta kiti kimelowa mvua. Akasimama chini, akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo. Trekta lilikuwa limelala kwenye gia. Likawaka, likaruka, na tairi la nyuma likampitia kifuani. Mkewe, Angetile, alikuwa hatua ishirini kutoka pale, amebeba chupa ya chai.

Wilson alimpigia Asheri simu kabla hajawapigia polisi. "Njoo utoe ile kitu yako," alimwambia. Asheri akaja mbio, akaitoa, akafunga kiswichi kipya kilichokuwa kwenye boksi. Askari alipofika alikanyaga klachi, trekta likawaka. Akaachia klachi, halikuwaka. Akaandika uzembe wa dereva. Wilson akaongezea kwamba marehemu alikuwa ananuka pombe.

Zebedayo aliimba besi kwenye kwaya na pombe aliijua kwa kuisikia. Hata hivyo alizikwa bila kwaya yake kuimba, kwa sababu wazee wa kanisa walisema neno la mwajiri ni zito. Kikao cha ukoo kilikaa uwanjani kwa baba yake, mzee Anyelwisye. Katika nyumba ile, mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe, hamtaji jina, na akimwona anakuja hujificha nyuma ya chochote kilichopo. Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa ameshuhudia alisikiliza kikao kutoka nyuma ya ukuta wa jiko. Maneno yake yalipelekwa na wifi yake, ambaye aliyafupisha. Watoto wake wawili sasa wanaitwa shuleni watoto wa mlevi.

Siku ya mazishi Angetile alimfuata Asheri kwenye migomba. "Fundi, wewe ndiye unayejua. Trekta linaweza kuwaka bila mtu kukanyaga klachi?"

"Haliwezi, dada," alisema Asheri.

Ndiyo maana alikuwa amekiacha kile kiswichi cha mwisho. Sasa akalala chini ya trekta, akakipapasa. Alikikuta kizima, waya zake zimekaa kama alivyoziacha. Akatoka, akafikiri, akabana kibanio cha taa kwenye kichwa hasi cha betri. Kisha, bila sababu anayoweza kuieleza, akaichomeka spoku ardhini.

"Zungusha ufunguo. Ushikilie hapohapo."

Patrick akazungusha. Taa ikawaka.

"Unavuja," alisema mzee mmoja chini ya mwavuli.

"Unavuja," alikubali Wilson. "Unavujia wapi?"

"Bado sijajua."

"Basi fuata, ujue. Watu wanataka kulima."

Asheri akachomeka spoku hatua moja mbele, taa ikawaka. Akachomeka kushoto, ikazimika. Akarudi katikati, ikawaka zaidi. Umeme ulikuwa umejichimbia njia yake ardhini, nyembamba, na ulikuwa unaelekea mashariki. Akaunga waya mrefu kwenye kibanio ili apate kutembea. Waya ulipoisha, karibu na mfereji wa kwanza, akaukata, na taa ikaendelea kuwaka. Patrick alibaki kwenye trekta ameshikilia ufunguo. Watu wengine wote wakafuata nyuma, mmoja mmoja juu ya tuta la jaruba, wakiongea habari za mbegu.

Asheri aliujua upande ule. Baada ya jaruba la tatu kuna kokoa, baada ya kokoa kuna migomba, na baada ya migomba kuna nyumba moja tu. Walipofika penye njia panda akajaribu kukata kulia, kuelekea mtoni, akichomeka spoku kwa haraka kama mtu mwenye uhakika. Taa haikuwaka.

"Fundi, imezimika," alisema mama mmoja aitwaye Tulinagwe, ambaye shamba lake lilikuwa la kwanza kwenye foleni. "Rudi huku."

Akajaribu tena hatua kumi mbele, na tena hatua ishirini.

"Fundi, unatuchelewesha," alisema Tulinagwe.

Akarudi. Taa ikawaka palepale, kali, hata ikambidi afumbe jicho moja. Walipita chini ya kokoa, ambako maganda ya msimu uliopita yalikuwa yanaoza, na kwa kila hatua Asheri alimwomba Mungu balbu iungue. Ilikuwa balbu ya lori, imara sana.

Mzee Anyelwisye alikuwa amekaa barazani, karibu na mtungi wa udongo kutoka Ikombe, anakunywa maji. Angetile alikuwa uwanjani anaanika mpunga wa mbegu. Alipoona baba mkwe wake anasimama kupokea wageni, akaacha turubai na kwenda nyuma ya jiko.

"Mugonile, taata," Wilson alimwamkia mzee kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Mmekuja wengi."

"Tunafuata umeme wa trekta. Umevuja."

"Aa," alisema mzee. "Basi ni huo. Piteni."

Kaburi la Zebedayo lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba miwili, limejengwa kwa saruji, na kichwani lina msalaba wa chuma. Asheri hakuhitaji kuchomeka spoku. Alipofika hatua tatu kutoka pale taa ilikuwa nyeupe mkononi mwake, na miavuli yote ikawa na vivuli. Akaigusisha spoku kwenye msalaba. Chini ya saruji kukasikika mlio mdogo, mkavu, wa chuma kugonga chuma: tk. Kila fundi anaujua. Ni mlio wa stata inayotaka kushika ikakosa nguvu.

Tk.

"Unagonga hivyo tangu mvua ya kwanza," alisema mzee Anyelwisye. "Nilidhani ni chura ameingia kwenye ufa."

Asheri alisimama na kusubiri. Alikuwa na hakika kwamba sasa mtu atauliza. Katika makaburi yote ya Ipinda, kwa nini umeme wa trekta uje kwa mtu aliyeuawa na trekta? Hilo lilikuwa swali dogo, la mtu yeyote. Aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa tangu utoto, na ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kinachofanana na hamu: waulize tu, yaishe.

Tulinagwe akasogea mbele, akalitazama kaburi, akamtazama Wilson.

"Sasa shamba langu linabaki la kwanza au foleni inaanza upya?"

"La kwanza," alisema Wilson. "Fundi, unaweza kuurudisha umeme kwangu?"

"Haurudi."

"Basi trekta litaletwa. Taata, utaturuhusu?"

Mzee akafikiri. Alisema mtoto wake aliipenda kazi ile, na kwamba hana sababu ya kuzuia watu wasilime. Aliomba tu wasikanyage mboga zake.

Kesho yake asubuhi jozi nne za maksai zililivuta trekta kutoka kwa Wilson hadi kwa mzee Anyelwisye. Lilikata migomba sita na miche minne ya kokoa ambayo Zebedayo aliipanda mwaka aliooa. Kwenye mfereji wa pili lilizama hadi mhimili, na lilipotoka kiswichi cha klachi kilikuwa donge la tope.

Wilson akachungulia chini, akatikisa kichwa. "Weka dairekti."

Asheri alikuwa ameshika waya mnene wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, tayari kuubana kwenye msalaba. "Wilson," alisema kwa sauti ya chini. "Lile jambo…"

"Jambo lipi?"

Kulikuwa na watu ishirini uwanjani. Asheri aliwaza jela. Aliwaza bintiye Doreen, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, na jinsi watu wa Mbugani watakavyopita mbele ya kibanda chake bila kugeuza shingo.

"Hakuna," alisema, akalala kifudifudi kwenye tope, akaingia chini ya trekta.

Akakata waya mbili. Akazichuna ncha, akazisokota pamoja. Alipotaka kuzungushia tepu, ikamponyoka, ikabingirika nje penye mwanga. Akanyoosha mkono kuitafuta. Mkono mwingine ukamrudishia.

Mzee Anyelwisye alikuwa amekwenda kuwanywesha maksai mferejini. Kwa hiyo Angetile alikuwa ametoka nyuma ya jiko, amechuchumaa kando ya tairi la nyuma, na alikuwa bado hajaiachia ile tepu.

"Nyekundu," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Siku ile, kwenye nyasi, niliokota kipande kama hiki. Nilirudi baadaye kutafuta kiatu chake kimoja, nikakikuta kipande hicho. Nimekiweka kwenye Biblia yake. Sijui kwa nini nimekiweka."

Waya zilizosokotwa zilikuwa mbele ya pua yake.

"Niliwahi kukuuliza, fundi. Siku ile nilikuwa nalia, labda sikusikia vizuri. Trekta linaweza kuwaka bila mtu kukanyaga klachi?"

Kutoka pale chini Asheri aliona miguu yake, ina matope na punje za mpunga. Nyuma yake aliona viatu vya Wilson, ambavyo vilikuwa vimegeuka na kusimama. Kwenye saruji kuligonga: tk. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, linaweza, na angelisema angetoka chini ya lile trekta akiwa mtu mwingine. Alilihisi kwenye meno. Kisha hofu ikamjia kama maji baridi, ikajaa, ikapita kichwa.

"Haliwezi, dada."

"Ndaga, fundi," Angetile alishukuru, na akaiachia tepu.

Akazungusha tepu mara tatu kama kawaida yake. Akatoka, akajipangusa, akaubana waya wa ethi kwenye msalaba wa Zebedayo. Kiti cha trekta kilikuwa kimelowa mvua. Patrick akakitazama, akasimama chini, akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo.

Trekta halikuwa kwenye gia. Likawaka mara moja, kwa mlio mzito wa miaka yake ya ujana. Chini ya saruji kukawa kimya. Pedali ya klachi ilikuwa juu, wazi kwa kila mtu, na juu yake kulikuwa na jani la mgomba lililoanguka ambalo hakuna mguu uliokuwa umeligusa. Angetile alilitazama lile jani kwa muda. Kisha akamtazama Asheri. Watu wengine nao walilitazama jani, maana lilikuwa palepale mbele ya macho yao, halafu wakatazama mvua.

"Fundi ni fundi tu!" alisema Wilson, na watu wakapiga makofi. Tulinagwe akatangulia kuonyesha njia ya shambani kwake. Mzee Anyelwisye alikuwa anarudi kutoka mferejini, kwa hiyo Angetile akaenda nyuma ya jiko.

Tangu siku ile ndivyo inavyofanyika. Trekta hulala kwa mzee Anyelwisye, maana maksai hawawezi kulivuta kila siku, na kila asubuhi huwashwa pale kaburini. Likishawaka huenda popote na hufanya kazi mpaka jioni bila shida yoyote. Asheri huja kutoka Mbugani kwa pikipiki ya alfajiri, kwa sababu hakuna mwingine anayekubaliwa na ule msalaba. Mafundi wa Ipinda wamejaribu, taa zao hazikuwaka. Ipinda ililimwa yote kabla ya Krismasi, na ibada ya shukrani ilifanyika, Wilson akasoma somo. Jina la Zebedayo halikutajwa. Watoto wake bado wanaitwa vilevile.

Taa ya kupimia ya Asheri haizimiki tena. Ameitundika kibandani juu ya meza, haijaunganishwa na kitu, na umeme ukikatika Mbugani wateja humsifu kwamba yeye peke yake ana mwanga. Yeye hukaa ameipa mgongo.

Angetile huamka kabla ya wote, akafagia majani kuzunguka kaburi, akafungua uzio trekta lipate kutoka. Kila asubuhi, Patrick anaposimama chini na kunyoosha mkono kwenye ufunguo, humwambia neno lilelile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemkumbusha mwenzake achukue koti.

"Panda juu, Patrick. Ukanyage klachi."

"Haina haja, dada," hujibu Patrick akicheka, naye ni kijana mzuri, ana mke kule Ngonga na mtoto wa miezi mitano. "Fundi ameshaturahisishia."

Na Asheri, aliyepiga magoti penye msalaba, huinamisha kichwa na kuukaza waya.